Vishikio vya kadi: Biashara ndogo inayoanzia kwenye mabaki ya mwarobaini Malindi na Kilifi

KATIKA karakana za uchongaji za Malindi, Watamu na mji wa Kilifi, kipande cha mwarobaini kisichozidi urefu wa kiganja huhesabiwa kuwa takataka. Twiga hawezi kutoka ndani yake, wala bakuli la saladi, na mara nyingi huishia jikoni kuwa kuni. Hata hivyo, kipande hicho hicho kinatosha kutengeneza kishikio cha kadi za biashara, kile kibao kidogo chenye mfuo kinachokaa juu ya meza ya wakili, daktari au meneja wa hoteli, kikiwa na kadi zilizojipanga tayari kuchukuliwa na mgeni. Tofauti kati ya kuni na kishikio ni kazi ya saa moja au mbili ya fundi, pamoja na kumjua mtu wa kumwuzia.

Hili la kumjua mnunuzi ndilo gumu. Wengi wanaoingia katika biashara ya kazi za mikono Pwani huanza kwa kumfikiria mtalii, na kwa kufanya hivyo hufunga riziki yao kwenye kalenda ya ndege. Wageni hujaa kuanzia Desemba hadi Machi, wakati kaskazi inapovuma, kisha tena Julai na Agosti. Kati ya Aprili na Juni masika hunyesha, baadhi ya hoteli hufunga milango, na mchuuzi wa ufuoni hubaki akitazama bahari iliyochafuka. Juu ya hayo huja misukosuko isiyotabirika. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifukuza watalii. Mwaka wa 2014 Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya kuzuru sehemu za Pwani. Mnamo Machi 25, 2020 Kenya ilisimamisha safari za abiria wa kimataifa kwa sababu ya Covid-19, na safari hizo hazikurejea hadi Agosti 1 mwaka huo. Kila mara, aliyekuwa na mteja mmoja tu, yaani mgeni, alikosa mteja kabisa.

Kishikio cha kadi ni miongoni mwa bidhaa chache za karakana ambazo mkaazi anazihitaji kuliko mgeni. Malindi kuna Mahakama Kuu na mawakili wanaoizunguka. Mji wa Kilifi ni makao makuu ya kaunti tangu mfumo wa ugatuzi ulipoanza kutekelezwa mwaka wa 2013, na pia ni kao la Chuo Kikuu cha Pwani. Ongeza benki, hospitali za kibinafsi, madalali wa mashamba na nyumba, wenye maduka ya dawa, shule za kibinafsi na hoteli zenyewe, ambazo hata msimu ukiwa mbaya hubaki na dawati la mapokezi. Hawa wote wana meza, na hawaondoki masika yakiingia.

Huenda mtu akauliza kama kadi hizo bado zina maana katika zama ambapo namba ya simu huhifadhiwa kwa kubonyeza mara mbili. Swali ni la haki. Ni kweli kwamba vijana wengi leo hubadilishana namba bila karatasi, na wapo wanaotumia msimbo wa QR badala ya kadi. Lakini kadi haijatoweka katika kazi zinazotegemea kuaminiwa, kama vile sheria, tiba, bima na ununuzi wa ardhi. Nchini Japan kadi hupokelewa kwa mikono miwili na kusomwa kwa makini kabla ya kuwekwa kando, na kuitia tu mfukoni mwa suruali ni utovu wa adabu. Mswahili aliyefunzwa kutoa na kupokea kwa mkono wa kulia hatashangazwa na desturi hiyo. Hata hivyo, mfanyabiashara mwangalifu hataegemea kadi za karatasi pekee, na hapo chini itaonyeshwa namna kibao kilekile kinavyoweza kubeba pia namba ya Lipa na M-Pesa, ambayo hata muuza samaki anaihitaji.

VIPIMO KWANZA

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kutengeneza kishikio kwa kukisia. Kadi za biashara si za kipimo kimoja. Zinazofuata mtindo wa Ulaya huwa na urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 55. Za Marekani ni milimita 89 kwa 51, na za Japan ni 91 kwa 55. Kitambulisho cha kitaifa na kadi ya benki hufuata kipimo cha kimataifa cha takriban milimita 86 kwa 54. Mfuo wenye urefu wa milimita 94 utazipokea zote. Ukipunguzwa hadi 88, kadi ya Mmarekani itakwama, na mteja hatarudi kulalamika, hatarudi kabisa.

Kadi nzuri ina unene unaokaribia nusu milimita, kwa kawaida pungufu kidogo. Kadi 50 hufanya rundo la takriban milimita 20, hivyo mfuo wa upana wa milimita 22 huzitosha bila kuzibana. Kwa kina, milimita 20 zinatosha: kadi itasimama huku zaidi ya nusu yake ikionekana, jina na cheo vikisomeka. Kibao chenye urefu wa milimita 115, upana wa 50 na kimo cha 35 kitabeba mfuo huo na kubakisha ukuta wa kutosha kila upande. Mfuo ukichimbwa kwa kuegemea nyuma kidogo, kadi hazitaanguka mbele.

Mbele ya mfuo huo mkubwa, fundi anaweza kukata mwingine mwembamba wa milimita nne. Hapo ndipo husimama kipande cha kadi ngumu chenye namba ya kulipia. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, na hasa baada ya huduma ya Lipa na M-Pesa kuenea, namba hiyo imekuwa kama bango la pili la duka. Nyingi bado zimebandikwa ukutani kwa utepe wa gundi, zikififia kwa jua. Mwenye duka la nguo ambaye hajawahi kuchapisha kadi ya biashara maishani mwake anaweza kununua kibao hicho kwa sababu ya mfuo mdogo peke yake.

Kikasha cha mfukoni ni kazi nyingine. Kukitengeneza kwa mbao kunahitaji kuta nyembamba na kifuniko kinachofungika barabara, na fundi asiye na mashine atapoteza siku nzima kwa kimoja. Kwa kikasha cha aina hiyo, ukindu na ngozi hufaa zaidi. Wanawake wa Pwani wamesuka ukili kwa karne nyingi kwa ajili ya mikeka, na ukili mwembamba uliosukwa kwa makini, ukashonewa bitana ya kikoi ndani, hutoa kifuko chepesi kinachoingia katika mfuko wa shati. Anayeanza afadhali achague kibao cha mezani kwanza, kisha aagize vifuko kwa msusi ambaye tayari ana mkono wa kazi hiyo, badala ya kujifunza ufundi mbili kwa wakati mmoja.

KWA NINI MWAROBAINI

Uchongaji wa kuuza kama unavyojulikana nchini ulienezwa na Wakamba. Inaelezwa kwamba Mutisya Munge, kutoka Wamunyu, Ukambani, alijifunza sanaa hiyo kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi nayo nyumbani. Baadaye wachongaji walihamia Mombasa, ambako chama cha ushirika cha Akamba Handicraft kilianzishwa huko Changamwe mwaka wa 1963, na wengine wakaja Malindi, ambako pia wana chama chao cha ushirika. Kwa miaka mingi walichonga mpingo na muhugu. Muhugu ulikuwa ukitolewa, miongoni mwa mahali pengine, katika Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba 420 hivi ulio kati ya Kilifi na Malindi. Miti hiyo hukua polepole mno, na kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imeadimika kiasi cha kuwashtua wachongaji na wahifadhi kwa pamoja.

Hapo ndipo mashirika ya uhifadhi, likiwemo WWF, yalipowahimiza wachongaji kugeukia miti ya shambani, hasa mwarobaini. Mti huu asili yake ni Bara Hindi, lakini umezoea Pwani hata watu wameupa jina kwa idadi ya maradhi unayosemekana kutibu. Hukua haraka, huchipuka tena ukikatwa, na huota kando ya nyumba na mipakani mwa mashamba. Kiini chake kina rangi ya wekundu wa kahawia unaofanana na mkangazi, na uchungu wake huwazuia wadudu wengi.

Una ila zake, na ni vyema zijulikane. Mbao mbichi ya mwarobaini hupasuka. Kinyago kikubwa kilichochongwa kingali kibichi kinaweza kufika Ulaya kikiwa na ufa kutoka kichwani hadi miguuni. Kipande kidogo kina nafuu, kwa kuwa hukauka upesi na kwa usawa. Njia inayotumika ni kukata vipande vikubwa kidogo kuliko kipimo cha mwisho, kupaka nta au rangi kwenye ncha zilizokatwa ili maji yasitoke huko kwa kasi, kisha kuvipanga kivulini huku vijiti vikitenganisha safu moja na nyingine ili upepo upite. Kuvianika juani ni kuviharibu.

Kujua kama vimekauka hakuhitaji kifaa cha bei. Vipande vitatu hutiwa alama na kupimwa kila wiki kwa mizani ndogo ya dukani. Uzito ukipungua, maji bado yanatoka. Usipobadilika kwa wiki tatu mfululizo, mbao imefikia ukavu ambao hewa ya Pwani inaruhusu. Maneno hayo ya mwisho yana uzito wake. Hewa ya Malindi ina unyevu, na kibao kilichotulia hapa kitafinyaa zaidi kikipelekwa Nairobi au katika ofisi yenye kiyoyozi. Kwa sababu hiyo kibao cha kipande kimoja, nyuzi zake zikielekea upande wa urefu, hudumu kuliko kile kilichounganishwa kwa gundi kwa vipande ambavyo nyuzi zake zinapishana.

Vumbi la mwarobaini ni chungu na huwasha macho na koo. Barakoa na miwani ni lazima kwa anayepiga msasa, si mapambo. Kuhusu kung'arisha, kishawishi cha kutumia mafuta ya nazi ni kikubwa kwa kuwa yapo tele, lakini hayakauki, na kadi zitakazowekwa humo zitatoka na madoa. Nta ya nyuki, inayoweza kupatikana kwa wafugaji wanaopakana na Arabuko-Sokoke, hufaa. Kadhalika mafuta ya mbegu za kitani, ambayo wenye maduka ya vifaa huyaita linsidi. Vitambaa vilivyotumika kupaka mafuta hayo ya kitani havifai kurundikwa kona moja ya karakana, kwani huweza kujipasha moto na kushika vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke, au vitiwe majini.

VISIVYOFAA KUUZWA

Uingereza ya karne ya 19 ilipoingiwa na mtindo wa kutembeleana kwa kadi, vikasha vya kadi vilitengenezwa kwa fedha, pembe za ndovu na gamba la ng'amba. Gamba hilo la kasa lilikuwa bidhaa ya mwambao huu tangu kale. Kitabu cha safari za Bahari ya Hindi kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza tayari kinalitaja. Leo vitu hivyo ni njia ya kwenda kizimbani. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka adhabu kali kwa anayepatikana na nyara za wanyama walio hatarini, na ng'amba ni mmoja wao. Katika mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968, hata kuokota kombe na matumbawe hakuruhusiwi. Anayetaka kupamba kishikio chake atafute kifuu cha nazi, ambacho kikipigwa msasa na kung'arishwa huwa cheusi na kizuri ajabu, na hakina mwenyewe wa kukilalamikia.

Mpingo nao una masharti. Tangu Januari 2, 2017 mpingo na karibu jamii yake yote imo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe. Mbao ghafi za aina yoyote zinaposafirishwa kutoka shambani huweza kuhitaji kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), na mwenye kununua mabaki kwa wachongaji hana budi kuuliza yalikotoka na kuomba risiti. Risiti hiyo ndogo humwokoa siku ya kusimamishwa barabarani.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Wateja wa ofisi za umma huomba nembo ya taifa ichongwe kwenye kibao. Sheria inayolinda bendera, nembo na majina ya taifa inakataza nembo hiyo kutumiwa kibiashara bila idhini. Ni heri kuchonga jina la ofisi na kuiacha ngao na simba wake.

HESABU YENYEWE

Takwimu zifuatazo ni za mfano, na kila mtu atazibadilisha kulingana na bei za mahali pake. Chukulia kwamba kibao kimoja kinatumia mbao ya Sh50, msasa na nta za Sh30, ujira wa fundi Sh100, kuchoma jina kwa chuma cha moto au leza Sh40, na karatasi ya kufungia Sh20. Jumla ni Sh240. Chukulia pia kwamba kibanda, umeme, nauli na sehemu ya kibali cha mwaka hugharimu Sh5,500 kwa mwezi. Kibao kikiuzwa Sh400 moja kwa moja kwa mteja, hubaki Sh160. Ili kufidia zile Sh5,500, ni lazima viuzwe vibao 35 kwa mwezi. Cha 35 ndicho cha kwanza kuleta faida, ingawa kidogo.

Sasa mwenye duka la zawadi anakubali kuviweka kwa mali kauli, akitaka asilimia 40 ya bei kila kimoja kinapouzwa. Wengi hukubali papo hapo kwa furaha ya kuona kazi yao katika kioo. Asilimia 60 ya Sh400 ni Sh240, yaani gharama ileile ya kukitengeneza. Hata viuzwe elfu, mtengenezaji hapati kitu, na kodi ya kibanda inamngoja. Kwa masharti hayo bei ya dukani ingepasa kuwa karibu Sh670, na kama soko halibebi bei hiyo, duka hilo si mahali pake. Kamisheni ya mwenye kumleta mtalii karakanani nayo huingia katika hesabu hii hii.

Oda za ofisi zina sura tofauti. Hoteli ikiagiza vibao 100 vyenye jina lake kwa Sh340 kila kimoja, mapato ni Sh34,000 na gharama za moja kwa moja ni Sh24,000. Hubaki Sh10,000 kwa mazungumzo ya mara moja, bila kutembea juani. Ila vibao vyenye jina la hoteli havina mnunuzi mwingine endapo mwagizaji atabadili nia. Ndiyo sababu arubuni haikwepeki. Nusu ya bei, yaani Sh17,000, hulipia vifaa vyote na upambaji wa kufungia, ambavyo ni Sh10,000, na nusu ya malipo ya kazi. Mteja anayekataa kutoa hata theluthi ameshaeleza, kwa njia ya upole, atakavyolipa baadaye.

Sampuli ni muhimu kuliko maneno. Mwenye kuingia ofisini na kibao kimoja kilichokwisha kuchomwa jina la ofisi hiyo humrahisishia meneja uamuzi. Kumwachia kibao hicho kunagharimu Sh240. Tangazo la redio haligharimu hivyo. Wachapishaji wa kadi nao ni washirika wa kawaida, kwa kuwa kila anayekwenda kuchapisha kadi 500 huhitaji pa kuziweka, na mchapishaji anaweza kuuza kadi na kibao kwa bei moja.

Serikali ya kaunti na taasisi za umma ni wateja wakubwa kwa macho, na utaratibu wa AGPO ulioanza mwaka wa 2013 umetenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini malimbikizo ya madeni ya kaunti kwa wazabuni yamekuwa wimbo wa kila mwaka katika ripoti za wakaguzi nchini kote. Mwenye mtaji wa Sh30,000 akiufunga wote katika oda moja ya umma anaweza kukaa miezi mingi bila nao. Zabuni hizo zinafaa pale ambapo tayari kuna wateja wengine wanaolipa.

USAJILI NA KODI

Jina la biashara husajiliwa kupitia mtandao wa eCitizen, ambako Huduma ya Usajili wa Biashara hutoa cheti. Kisha hufuata kibali cha mwaka cha Serikali ya Kaunti ya Kilifi, ambacho ada yake hutegemea aina na ukubwa wa biashara. Namba ya PIN ya KRA ni ya lazima. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya 2023, kodi ya mauzo ya asilimia 3 hutozwa biashara yenye mauzo yanayozidi Sh1 milioni lakini yasiyozidi Sh25 milioni kwa mwaka. Mwenye kuuza vibao 60 kwa mwezi kwa Sh400 hufikisha Sh288,000 kwa mwaka, hivyo hajaingia humo, ingawa anatakiwa kuwasilisha taarifa ya mapato kila mwaka kabla ya Juni 30 kupita.

Ankara ya eTIMS ni suala jingine. Tangu Januari 1, 2024 mnunuzi aliye katika biashara hawezi, isipokuwa kwa misamaha michache, kuondoa gharama isiyo na ankara ya aina hiyo anapokokotoa kodi yake. Matokeo yake ni kwamba hoteli au benki mara nyingi itamwomba mtengenezaji ankara hiyo kabla ya kumlipa. Anayejisajili mapema hupata oda ambazo jirani yake mwenye mkono bora zaidi huzikosa.

Kufungia bidhaa pia kuna sheria yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017. Karatasi ya kahawia, kamba ya katani na kikaratasi kinachoeleza kwamba mbao ni mwarobaini wa shambani vinatosha, na kwa wageni maelezo hayo huongeza thamani kuliko utepe wowote wa kumeremeta. Anayesafirisha nje ya nchi aulize KEPHIS kuhusu cheti cha usafi wa mimea kabla ya kufunga sanduku, si baada ya kufika bandarini.

MTAJI NA MAJIRA

Msumeno, randa, patasi mbili, jiliwa na mizani ndivyo vifaa vya lazima. Leza inaweza kukodishwa kwa wachapishaji wa Mombasa au Nairobi kwa oda kubwa. Wengi huanza kwa fedha za chama, na hilo ni jambo la busara kwa sababu ya muda. Hustler Fund ilipozinduliwa Novemba 30, 2022, mkopo wake wa mtu binafsi ulikuwa wa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, nafuu isiyo na kifani, lakini ulitakiwa kurudishwa katika siku 14. Mbao haikauki kwa siku 14. Mkopo wa namna hiyo unafaa kununulia msasa na nta wakati oda iko mkononi, haufai kununulia mbao mbichi. Hazina ya wanawake iliyoanzishwa mwaka wa 2007 na ile ya vijana ya 2006 hukopesha vikundi vilivyosajiliwa kwa muda mrefu zaidi.

Kwa mpango huu kalenda ya mchongaji hugeuka. Msimu wa watalii unapofikia ukingoni mwezi Machi, karakana huwa zimejaa mabaki ya kazi za miezi mitatu na bei yake huwa chini. Ndio wakati wa kununua na kukata. Masika yanyeshapo, vipande hukaa chini ya paa vikipimwa kila wiki, na siku za mvua hutumika kutembelea ofisi na sampuli. Kampuni na hoteli nyingi huanza kutafuta zawadi za mwisho wa mwaka kuanzia Septemba na Oktoba, na kufikia hapo mbao zilizokatwa Machi zitakuwa zimetulia, tayari kwa patasi.